Jinsi ya Kuyapoteza Maji ya Mvua kwenye Kompyuta

Ndugu yangu mhandisi, mvua ya kwenye modeli ya kompyuta ina njia tatu tu: ipande hewani, izame ardhini, au itiririke mpaka mtaroni. Hewani huwezi kuipeleka nyingi, maana mvua ya saa sita haikaukii njiani, na mkaguzi atakushtukia. Mtaroni ndiko kunakokuumiza: kila lita inayofika huko inadai bomba pana zaidi, bwawa kubwa zaidi, na kipande cha ardhi ambacho mteja wako alikitaka kwa maegesho ya magari. Imebaki ardhini. Udongo hausemi, hauonekani, na kila mtu anaamini kwamba unakunywa. Ukitaka kuficha maji, yafiche humo.

Njia nitakazokuonyesha zinatumika, na zote zinafanya kazi kwenye karatasi. Nataka uzijue zote, kwa sababu nyingine utazikuta kwenye faili la mwenzako na nyingine utazitumia bila kujua umezitumia. Darasa letu ni Miji Pacha, Minneapolis na Saint Paul. Pana mchanga wa Mto Mississippi, pana mfinyanzi ulioachwa na barafu za kale, pana baridi inayogandisha ardhi, pana sheria kali. Na pana sisi watu wa Afrika Mashariki, wengine kwenye ofisi zinazochora mitaro, wengine kwenye besimenti, vyumba vya chini ya nyumba, ambako maji huingia kwanza.

1. Chagua herufi

Wamarekani waligawa udongo katika makundi manne kwa jinsi unavyopokea maji. A ni mchanga na changarawe. D ni mfinyanzi, maji yanasimama juu. B na C ziko katikati. Kila kundi likapewa namba iitwayo CN (ikiwa kubwa, maji mengi yanatiririka), iliyotungwa na idara yao ya hifadhi ya udongo miaka ya 1950 ikiwaza mashamba. Nyasi zilizostawi vizuri juu ya A hupewa 39. Juu ya B, 61. Juu ya D, 80. Lami hupewa 98.

Sasa ona thamani ya herufi moja. Nyesha inchi 4, kama milimita 100, juu ya hekta moja ya nyasi. Andika D: zinatiririka karibu lita 518,000. Andika B: lita 206,000. Andika A: lita 12,000 tu. Nusu milioni ya lita imeondoka kwa kubonyeza kitufe, na hakuna aliyeshika koleo.

Utaniuliza, herufi hiyo si ipo kwenye ramani ya udongo ya serikali? Ipo, ila ramani ikifika mjini inachoka. Katikati ya Minneapolis na Saint Paul, maeneo mengi yameandikwa tu kwamba ni ardhi ya mjini, na mahali pa herufi pameachwa wazi. Wapima udongo walikuwa wakweli: chini ya jengo na barabara kuna kifusi cha miaka mia moja, matofali, majivu, udongo ulioletwa na malori kutoka kusikojulikana. Hawakutaka kukisia. Wewe kisia. Weka B. A italeta maswali, C italeta gharama, na B inapita mezani bila kugusa mtu.

Ukitaka kwenda mbali zaidi, azima mchanga wa jirani. Kaskazini, Brooklyn Park, ambako Wakenya wengi wa Minnesota wamejenga maisha, ardhi ni ya mchanga kwelikweli. Zamani palikuwa mashamba ya viazi, na sherehe ya mji, Tater Daze, bado imebeba jina la viazi. Maji huko yanazama upesi. Chukua tabia hiyo uihamishie vitongoji vya magharibi, ambako barafu ya kale iliacha tifutifu nzito yenye mfinyanzi. Kwenye ramani ni mwendo wa dakika ishirini kwa gari. Kwenye modeli yako hapana umbali wowote.

2. Msahau dereva wa tingatinga

Hata herufi ikiwa sahihi, ilikuwa sahihi siku shamba lilipokuwa shamba. Baadaye likaja tingatinga, likakwangua udongo wa juu na kuuuza. Malori yakapita miezi mitano. Rola ikashindilia. Mwisho wakatandaza nyasi za kununua, zilizokunjwa kama mikeka, juu ya udongo mgumu kama sakafu. Kwa macho ni bustani ya kijani, na ndivyo utakavyoiandika: nyasi, hali nzuri.

Usisome utafiti wa Robert Pitt na wenzake, uliochapishwa na shirika la mazingira la Marekani, EPA, mwaka 1999. Walipima udongo wa mjini kule Alabama, shimo baada ya shimo, na matokeo yao yatakuharibia siku. Mchanga ambao haujashindiliwa ulipokea kwa wastani inchi 13 kwa saa. Ulioshindiliwa, inchi 1.4. Mfinyanzi mkavu ambao haujakanyagwa ulikuwa karibu inchi 10 kwa saa, jambo ambalo wengi hawalitarajii. Ulipolowa, au ulipokanyagwa, ukaanguka mpaka inchi 0.2. Kwa hiyo kilichotawala kwenye mchanga ni uzito uliopita juu yake, na kwenye mfinyanzi ni uzito pamoja na maji yaliyomo tayari. Jina la udongo peke yake halikutosha kusema lolote. Modeli nyingi zina jina peke yake.

3. Changanya lami na nyasi

Hii naipenda kuieleza kwa sababu haihitaji uongo. Inahitaji hesabu ya wastani, ile ya darasa la sita.

Una hekta moja. Nusu ni lami, CN 98. Nusu ni nyasi juu ya mchanga, CN 39. Jumlisha, gawa kwa mbili, upate 68.5. Safi. Sasa nyesha inchi 1.1, kiwango ambacho miongozo ya Minnesota inataka kizuiwe kwenye kiwanja chenyewe badala ya kupelekwa mtoni. Kwa wastani wako, zinatiririka lita zisizofika 2,000. Mtoto anaweza kuzimaliza kwa ndoo.

Lakini lami haijui wastani. Ukizipigia hesabu sehemu mbili kila moja peke yake, nyasi hazitoi kitu, na lami inatoa lita 113,000. Mvua ile ile, hekta ile ile. Sababu ni kwamba njia ya CN inaruhusu ardhi kumeza kiasi fulani kabla tone la kwanza halijatiririka, na kiasi hicho kinakua haraka sana CN inaposhuka. Ukichanganya, umeipa lami tumbo la mchanga.

Kosa hili hujificha vizuri kuliko yote, kwa sababu kwenye mvua kubwa sana tofauti hupungua na modeli huonekana ya kawaida. Linaiba kwenye mvua ndogo, zile zinazonyesha mara nyingi kila kiangazi, zinazobeba mafuta ya magari, mchanga wa barabarani na kinyesi cha mbwa hadi kwenye maziwa. Minneapolis inajivunia maziwa yake. Maji haya ndiyo yanayoyachafua.

4. Mvua inyeshe siku zote juu ya ardhi kavu

Hapa kaa kidogo, maana ndipo panapo utajiri.

Mwaka 1911 Green na Ampt, wawili wa Melbourne, Australia, waliandika kanuni ya maji yanayoshuka ardhini kama ukuta wa unyevu unaosonga chini, ukivutwa na ukavu ulio mbele yake. Mwaka 1933 Mmarekani Robert Horton akaeleza jambo hilo kwa namna nyingine: udongo huanza kwa pupa, kisha pupa inapungua, mpaka unafika kasi ya chini isiyobadilika. Programu ya SWMM ya EPA, iliyozaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 na bado inatumika duniani kote, inakupa zote mbili, pamoja na CN. Wahandisi hubishana vikali ipi ni bora. Waache wabishane. Kanuni zote tatu zinakuuliza swali lile lile: udongo ulikuwa na maji kiasi gani kabla mvua haijaanza?

Jibu lako liwe moja: ulikuwa mkavu.

Kwa Horton, chukua jedwali la kawaida. Tifutifu kavu yenye majani mengi, inchi 6 kwa saa kwa kuanzia. Tifutifu ile ile isiyo na majani, ikiwa bado na unyevu wa mvua ya juzi, inchi 1. Zote mbili zimo kwenye jedwali, zote mbili utaweza kuzitetea, na moja ni mara sita ya nyingine. Kwa Green na Ampt, ongeza upungufu wa unyevu wa mwanzo. Ukuta utavutwa kwa nguvu na maji yatashuka kwa furaha.

Sasa nikusimulie mvua ambayo haikupenda njia hii. Jioni ya tarehe 23 Julai 1987 mpaka usiku wa kuamkia 24, uwanja wa ndege wa Minneapolis–Saint Paul ulipima inchi 10 za mvua, milimita 254. Hakuna mvua nyingine kwenye kumbukumbu za uwanja ule iliyofika hapo. Barabara kuu ziligeuka mito, besimenti zikajaa, watu wakapoteza maisha. Na ardhi haikuwa kavu: tarehe 20 na 21 ilikuwa imekwisha kunyesha karibu inchi 4. Udongo ulioipokea mvua ya tarehe 23 ulikuwa umeshiba. Mvua kubwa huja hivyo mara nyingi, kwa mafungu, kwa sababu hali ya hewa inayoleta moja hukaa siku kadhaa na kuleta nyingine.

Kama umesomea Nairobi, Kampala au Dar es Salaam, huenda umekutana na modeli ya mafuriko ya Afrika Mashariki iliyotolewa na maabara ya uchukuzi na barabara ya Uingereza, TRRL, mwaka 1976, iliyojengwa juu ya vipimo vya mabonde madogo ya kule kwetu. Waliotunga modeli ile waliweka kigezo maalumu cha unyevu wa bonde. Walikuwa wameona masika. Ukihamia Minnesota, kisahau pamoja na masika yenyewe.

5. Kila siku iwe Julai

Ardhi ya Miji Pacha hugandishwa na baridi miezi kadhaa. Maji yaliyokuwa kwenye vitundu vya udongo yakigeuka barafu, hakuna pa kupita. Machi theluji inayeyuka, mvua ya kwanza inaidondokea, na udongo ambao modeli yako inausifu unafanya kazi ya zege. SWMM ina sehemu ya kupunguza upenyaji mwezi kwa mwezi. Ni safu kumi na mbili za namba. Ziache zote ziwe 1.

6. Pima panapokupendeza

Huenda ukalazimishwa kupima. Kibali cha ujenzi cha jimbo la Minnesota hakikuachii nafasi kubwa: bonde lililochimbwa ili maji yazame ardhini liwe limekauka ndani ya saa 48, ukipima kasi uwanjani, uigawe kwa mbili kabla ya kuitumia, huruhusiwi kuzamisha kwenye udongo wa D, wala mahali ambapo maji ya chini ya ardhi yako karibu kuliko futi 3. Hata udongo unaopitisha zaidi ya inchi 8.3 kwa saa umewekewa kizuizi, kwa sababu maji yanapita haraka bila kusafishwa. Usipopima, mwongozo wa jimbo unakupa kasi za usanifu, kutoka inchi 0.06 kwa saa kwa D hadi 1.63 kwa changarawe. Ukirudi kwenye hatua ya kwanza utaona kwa nini herufi ni pesa.

Basi ukipima, pima vizuri kwa faida yako. Toboa shimo moja. Litoboe kwenye kona iliyo juu, yenye mchanga, mbali na pale bonde litakapokaa. Pima Agosti. Pima kabla ya ujenzi, wala usirudi baada ya malori kuondoka. Na ukipata namba tatu zinazotofautiana, chukua wastani wa kawaida, maana namba moja kubwa itazibeba zile ndogo mgongoni. Upenyaji wa udongo hutofautiana mara kumi na zaidi ndani ya bustani moja, hivyo namba kubwa haikosi kupatikana.

Kaa mbali na watu wa Maabara ya St. Anthony Falls. Maabara hii ya Chuo Kikuu cha Minnesota imesimama kando ya maporomoko ya Mississippi, katikati ya Minneapolis, tangu 1938, na imeshughulika na bomba moja rahisi liitwalo Philip–Dunne lililoboreshwa. Unalichomeka ardhini, unalijaza maji, unatazama yanavyoshuka. Watu wawili wanaweza kuchomeka mengi kwa wakati mmoja na kupata picha ya kiwanja kizima mchana mmoja. Kitu cha namna hiyo kikiingia kwenye mradi wako, kazi yote ya kuanzia hatua ya kwanza imebomoka.

7. Tumia mvua ya babu

Fupi. Kwa Minneapolis, vitabu vya 1961 viliiweka mvua ya siku nzima, ile yenye uwezekano wa asilimia 1 kila mwaka, kwenye inchi 6 hivi. Mwaka 2013 idara ya hali ya hewa ilitoa takwimu mpya za mvua, Atlas 14, kwa majimbo ya Magharibi ya Kati, na namba ikapita inchi 7. Siku hizi mkaguzi huikamata njia hii mapema. Itumie kama chambo: akiikamata atafurahi, na akifurahi hatafika kwenye udongo.

8. Pamba

Kiburi cha binadamu kiko upande wako. Andika upenyaji kuwa inchi 0.4372 kwa saa. Mtu akiona tarakimu nne baada ya nukta, anaona maabara. Ukiandika "kati ya 0.1 na 1", ambayo ndiyo kweli, anaona mtu asiyejua kazi. Paka ramani rangi. Weka video ya maji ya buluu yakitambaa mitaani, kisha yakikomea kistaarabu ukingoni mwa kiwanja cha mteja. Mkaguzi ana mafaili mengine mezani na watoto wa kuchukua shule.

Na usiombe vipimo vya mtaroni. Saint Paul kuna shirika la bonde, Capitol Region Watershed District, linalopima maji ndani ya mabomba makubwa tangu 2005. Namba zao zipo. Modeli ikilinganishwa na bomba halisi, itasema mvua fulani ilileta maji mengi kuliko uliyosema, na utaulizwa yalikotoka. Ukilazimishwa kulinganisha, zungusha kigezo cha udongo mpaka mistari miwili igusane, bila kuuliza kama kosa lilikuwa kwenye udongo, kwenye kipimo cha mvua, au kwenye bomba lililoziba majani. Modeli inayokubaliana na mvua moja kwa sababu isiyo sahihi itakusaliti kwenye mvua ya pili, lakini mvua ya pili itanyesha baada ya malipo.

Hizo ndizo njia. Sasa nikuambie zinaishia wapi, kwa sababu najua unazitaka zikuishie salama.

Zinaishia bondeni. Bomba lililochorwa kwa lita 206,000 likiletewa 518,000, maji hayakasiriki, yanatafuta tu mahali pa chini. Mahali pa chini pana nyumba, na nyumba ina besimenti, na besimenti hupangishwa kwa bei nafuu kwa mtu aliyefika mjini karibuni, asiye na bima ya mafuriko. Yeye ndiye anayebeba tofauti ya ile herufi. Na mwenye nyumba wa Minneapolis amekwisha lipa ili jambo hili lisitokee: tangu 2005 bili yake ina ada ya maji ya mvua, inayokadiriwa kwa eneo lisilopitisha maji. Analipia paa lake kwa ukweli. Anastahili udongo uandikwe kwa ukweli.

Kinachouma ni kwamba udongo, ukiheshimiwa, unaifanya kazi hii kweli. Burnsville, kusini mwa Minneapolis, mwaka 2003 walijenga bustani za mvua 17 kwenye mtaa mmoja wa kawaida, mashimo mapana yenye mimea kando ya barabara, na mtaa mwingine unaofanana nao wakauacha ulivyo ili walinganishe. Maji yaliyotiririka kutoka mtaa wenye bustani yalipungua kwa karibu asilimia 90. Kwenye mradi wa Arlington na Pascal, Saint Paul, walipokuwa wanawaza bomba kubwa jipya la kupeleka maji Ziwa Como, waliamua badala yake kuyazamisha chini ya barabara na kwenye bustani. Hakuna uchawi hapo. Kulikuwa na watu waliopima kabla na wakapima baada.

Kwa hiyo fungua faili ulilonalo sasa. Tafuta ile herufi. Kando yake andika nani alipima, shimo lilikuwa wapi, mwezi gani, na kabla au baada ya rola. Kama hujui hata kimoja, chukua bomba, pipa la maji na mwenzako mmoja, uende kiwanjani wiki hii, kabla ardhi haijaganda.